Niliwaambia Jumapili

Ikungi, Jumanne alasiri

Zaituni mwanangu,

Wewe na mama yako mmeondoka asubuhi kwenda Singida mjini kufuata begi na kusuka nywele, mkaniachia bibi yako, kuku, na sufuria ya maharage niiangalie isiungue. Maharage yameiva. Bibi yako yuko uani kwenye mkeka, anapepeta mtama na kuwagombeza kuku kwa Kinyaturu. Mimi nimekaa barazani na daftari la mistari. Nina saa kama tatu kabla hamjarudi, na nataka kukuandikia yale ambayo nikijaribu kukuambia usoni nitaishia kukuuliza kama umepakia kandambili.

Mambo ya kandambili, sweta na pasipoti mimi simo. Mama yako ameshayasema mara nne, na kesho ndani ya basi mpaka Dar es Salaam atayasema mara ya tano, wewe mwitikie tu. Hao Waturuki unaokwenda kusoma kwao, na baridi yao, mtajuana hukohuko. Mimi nakuandikia kuhusu kosa langu moja la zamani, ambalo nimelirudia hapahapa barazani, na wewe ulikuwa ndani unasikia.

Unajua nasema nini. Wiki iliyopita Rehema alisimama pale karibu na tangi la maji akaniuliza unaondoka lini, nikamjibu, "Bado bado, mpaka mwezi ujao." Rehema, ambaye mmekalia dawati moja tangu darasa la kwanza, na ambaye amekula ugali wa nyumba hii mara nyingi kuliko ndugu zangu wengine. Ulikuwa chumbani, hukutoka. Jioni ulisema umeshiba. Tangu siku hiyo unaniitikia vizuri, kwa heshima zote, lakini hunitanii. Mwanangu, baba aliyezoea kutaniwa na wewe akinyimwa utani wiki nzima hahitaji kuambiwa kwamba amekosa.

Sasa sikiliza. Leo, hata nusu saa haijapita, Rehema amepita tena akitokea sokoni.

"Shikamoo Baba Zai."

"Marahaba mwanangu. Za huko?"

"Nzuri tu. Zai yupo?"

"Wako mjini na mama yake."

"Haya, mwambie gauni lake limebaki mikono tu. Ila sina haraka, nina sare za shule hapa zimenibana. Si mpaka mwezi ujao?"

"Mwezi ujao," nikasema, na nikaangalia maharage ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Akaenda zake anaimba. Na kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri basi litakuchukua pale barabarani, yeye akiwa amelala, na lile gauni la kitambaa ulichochagua mwenyewe likiwa limening'inia kwenye msumari bila mikono. Nimekaa hapa na jambo hilo, na sijui bado nitafanya nini. Labda nikiandika nitajua.

Unafahamu tulivyolelewa. Kwetu mtu anaweza kujua kwamba utasafiri, lakini siku haitajwi. Ukiulizwa unasogeza mbele, wiki, mwezi, hata mwaka ukiweza. Bibi yako amelishika hilo tangu ujana wake, kwa sababu ya baba yako mdogo Athumani, ambaye aliwatangazia watu wote kwamba Alhamisi anakwenda Tabora kuanza kazi. Watu walikuja wakamuaga, wakala, wakanywa. Alhamisi lori likaharibika pale Mkiwa, akalala njiani siku mbili, akapata homa, akarudishwa nyumbani amelazwa juu ya magunia. Kazi akapewa mwingine. Bibi yako anasema ni macho ya watu. Lori lenyewe nililiona kwa macho yangu mimi, Zai, lilikuwa bovu tangu lilipotoka kiwandani. Lakini jaribu kumwambia.

Kwa hiyo nilipochaguliwa kwenda Antananarivo, Madagaska, kusoma Kifaransa kwa miezi kumi, nikiwa mwalimu kijana, niliondoka hapa Ikungi kama mwizi. Begi lilitangulia jana yake ndani ya gunia la mahindi. Mimi nilipita nyuma ya zizi gizani, na mama yangu akasimama mlangoni bila taa, hakusema hata kwaheri, alinisukuma tu mgongoni. Majirani walijua nimekwenda nikiwa nimeshakaa darasani wiki nzima. Wakati ule niliona ni akili kubwa.

Mji ule sijui nikueleze vipi. Siku hizi naukumbuka kwa vipandevipande, na vingine sina hakika kama niliviona au niliviota. Uko juu ya vilima, nyumba nyembamba za matofali mekundu zimepandana moja nyuma ya nyingine, na kila mahali ni ngazi. Unapanda ngazi kwenda kanisani, unapanda kwenda sokoni, unapanda kwenda kununua kiberiti. Asubuhi ukungu unakaa chini kwenye mashamba ya mpunga, wewe uko juu unaona mapaa tu yamechomoza, na sauti za watu zinakuja kutoka mahali usipopaona. Kuna majabali makubwa kama haya yetu. Wiki ya kwanza nilisimama kwenye dirisha nikayaangalia yale majabali na ule ukungu nikasema, huku si ugenini, hii ni Singida imelala inaota iko mahali pengine.

Kozi ilikuwa ya walimu kutoka nchi ambazo Kifaransa si chao. Watatu tulipangiwa nyumba moja, kwa mama mmoja mjane tuliyemwita Mama Vola. Chumba changu nilikaa na Anselmo, Mmakua wa Nampula kule Msumbiji, mtu mnene aliyeanza kucheka kabla hadithi yake haijafika kwenye kuchekesha, kwa hiyo mwisho wa hadithi zake hakuna aliyewahi kuusikia. Chumba cha pili alikaa Selam, dada wa Kihabeshi, mkimya, aliyekuja na kahawa yake kutoka kwao na kutukaangia Jumapili mpaka moshi unatoka dirishani. Mama Vola alikuwa akipika wali asubuhi, mchana na jioni. Ukoko uliobaki chini ya sufuria hautupwi, unamwagiwa maji, unachemshwa, mnakunywa ya moto. Mara ya kwanza nilidhani ananinyima chai. Mwezi wa pili nilikuwa naamka kwa harufu yake, na hata leo mama yako akiunguza wali mimi sigombi, mwenyewe umeona.

Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa mtu wa maneno mia mbili. Utaliona hilo huko uendako, na wala usiogope. Ukiwa na maneno machache kiasi hicho huwezi kumsengenya mtu, huwezi kujisifu, hata hasira huwezi kuipanga. Unabaki kusema: nina njaa. Mvua inakuja. Leo nimemkumbuka mama. Wewe ni mwema. Na wenzako nao hivyohivyo. Nadhani ndiyo maana tulipendana haraka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mahali pa kujificha. Mambo niliyomwambia Anselmo kwa kile Kifaransa cha kuokoteza sijapata kumwambia mtu kwa Kiswahili, na kwa Kinyaturu ndiyo kabisa.

Usiku mmoja niliota kwa Kifaransa. Katika ndoto Mama Vola alikuwa hapa Ikungi, anatembea katikati ya alizeti zetu amejitanda shuka lake jeupe, ananiuliza haya maua yote ni ya nani. Nikamjibu kwa Kifaransa, bila kutafuta neno hata moja, kwamba ni ya mama yangu, na kwamba achume anayotaka. Asubuhi mezani nikawasimulia. Mama Vola aliweka kijiko chini, akaja akanishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Sasa umefika." Anselmo akafurahi mpaka akalia, na Selam akakaanga kahawa ingawa haikuwa Jumapili. Sijawahi kupongezwa hivyo, hata siku ya harusi yangu, samahani kwa mama yako.

Basi miezi ikaisha. Mwezi wa kumi mijakaranda ya pale mjini inachanua, ziwa lile dogo la katikati linazungukwa na zambarau, na chini nako zambarau, mpaka huwezi kujua unatembea juu ya nini. Mitihani tulimaliza, vyeti tukapewa, kila mtu ana tiketi yake na siku yake. Jioni moja Mama Vola akatuuliza mmoja mmoja. Selam akasema Jumatano ya wiki inayofuata. Anselmo akasema Alhamisi. Ikafika zamu yangu. Mama Vola akasema nijibu vizuri, kwa sababu alishasikia mimi ndiye wa kwanza kuondoka, na kaka yake mkubwa atakuja kutoa hotuba ya kuniaga. Kwao hotuba ya kuaga si kitu cha kubahatisha, mzee anaitunga kwa siku kadhaa, na anayeagwa anakaa kwenye kiti chake mwenyewe anasikiliza.

Nilikuwa naondoka Jumamosi alfajiri. Nikawaambia Jumapili.

Nilisema kwa Kifaransa kizuri kabisa, Zai. Kila kitu kilikaa mahali pake, matamshi safi, hata uso haukubadilika. Ukiwa na maneno mia mbili huwezi kudanganya hivyo. Miezi kumi nilifundishwa lugha na watu wavumilivu, wakinisahihisha mezani kwa upendo, na sentensi niliyowarudishia nilipohitimu ni ile. "Basi tutakula Jumamosi jioni," Mama Vola akasema, akaanza kuhesabu sahani.

Jumamosi niliamka ndege hawajaamka. Anselmo alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Nilisimama pale na viatu mkononi kwa muda ambao nikiukumbuka sasa naona ni mrefu sana, lakini huenda ulikuwa dakika moja. Nilitaka kuurudisha ule mkono juu ya blanketi. Sikuugusa. Nikashuka ngazi zile zote na begi langu kichwani, maua yameanguka usiku, hayatoi sauti ukiyakanyaga, na nilijisifu moyoni kwamba hakuna aliyenisikia. Karatasi ya kwaheri sikuacha.

Baada ya miezi mitatu Anselmo akaniandikia. Barua ikafika shuleni, upande wa Kinampanda nilikokuwa nikifundisha, nikaisomea chini ya dirisha la darasa watoto wakiandika imla. Aliniandikia bila kunigombeza. Alisema siku ile Mama Vola alidhani nimekwenda mjini kununua zawadi za nyumbani, akapika tangu asubuhi. Jioni kaka yake akaja na kofia yake na shuka jipya, ametembea kwa fimbo kutoka kilima kingine, ngazi kushuka na ngazi kupanda. Wakakaa. Wakasubiri. Selam ndiye aliyeingia chumbani kwetu, akainama kutazama chini ya kitanda changu, akaona begi halipo, akarudi akawaambia nimekwenda. Mama Vola akakataa. Akasema hapana, mbona ameacha kikombe chake.

Yule mzee alisimama akatoa hotuba yote, mwanzo mpaka mwisho, akikiangalia kiti changu. Halafu wakala.

Mwisho wa barua Anselmo aliuliza swali moja: "Tulikukosea nini?"

Mwanangu, mimi ni mwalimu, nimesahihisha maelfu ya majibu, lakini swali lile sikuweza kulijibu. Ningemwambia nini? Kwamba nilimficha siku kwa kuogopa husuda yake, yeye aliyekuwa akikata kipande chake cha sabuni katikati ili niogee? Kila nilipoanza kuandika niliona aibu nikafunga daftari. Mwaka ukapita, wa pili ukaja. Nilipopata ujasiri nikaandika kurasa sita, nikamwandikia na Mama Vola kurasa mbili, na sikupata jibu kwa yeyote. Labda walihama. Labda barua zilipotea. Mama Vola alikuwa mtu mzima tayari wakati ule, na leo sijui kama yuko hai. Inaniuma. Naisema hivyohivyo ilivyo, inaniuma mpaka leo, na sitaki uidhani ni hadithi ya baba ya kukufundishia adabu.

Nilichelewa sana kujua ukweli wenyewe. Kwa miaka mingi nilimsingizia bibi yako na desturi zetu. Lakini Anselmo hakuwa na macho mabaya, na mimi nililijua hilo kabla sijafungua mdomo. Niliogopa kulia. Niliogopa kukaa kwenye kile kiti, wote wananiangalia, mzee anaeleza kwa maneno mazuri jinsi nilivyopendwa, na mimi sina pa kuweka uso. Ile desturi ilikuwa koti nililolivaa juu ya woga wangu, likanikaa vizuri, nikalivaa tena na tena. Nilipohama shule ile nikaondoka Ijumaa baada ya vipindi, wanafunzi wakajua Jumatatu wakati wa kuita majina. Miaka mitano baadaye mmoja wao alikutana nami stendi ya Singida, mwanaume mwenye ndevu, akanisalimu kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, sisi tulidhani ulifukuzwa kazi." Hata mama yako atakwambia kwamba posa yangu niliileta kimyakimya mpaka kwao wakadhani ni mtu amekuja kuuliza njia.

Na sasa nimekurithisha wewe. Sikukupa tu koti, nimelivua nikakuvalisha mwenyewe nikakufunga na vifungo. Wewe ulitaka kumwambia Rehema. Nilikuona wiki nzima unamwangalia bibi yako, unaniangalia mimi, unameza maneno. Ulinyamaza kwa sababu sisi ni wakubwa wako. Utii wako ulikuwa mzuri, sisi ndio tuliouelekeza pabaya.

Subiri kidogo. Naweka kalamu chini. Nakwenda kuongea na bibi yako.

*

Nimerudi. Jua limeshuka hapa kwenye nguzo ya pili, nina muda bado. Nitakuandikia kwa mpangilio.

Nilimkuta bibi yako amemaliza kupepeta, anaokota vijiwe kwenye ungo. Nikakaa kwenye mkeka. Nikamwambia, "Mama, nataka kumwambia Rehema kwamba Zai anaondoka kesho." Hakuinua kichwa.

"Unataka mtoto akalale Mkiwa?"

"Mama, lile lori lilikuwa bovu."

"Lilikuwa bovu siku hiyo tu," akasema.

Kuku wakaja, akawafukuza, wakarudi. Nikaona nikiondoka hapo bila kusema sitasema tena, basi nikamsimulia habari za Mama Vola, yule mzee na kile kiti. Miaka yote hii sikuwahi kumsimulia. Nilimsimulia kwa Kinyaturu, na kwa Kinyaturu ilikuwa ngumu zaidi, hakuna pa kukimbilia. Nilipofika kwenye kikombe, mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Walipika?" akaniuliza.

"Walipika, mama."

"Wakakusubiri na chakula kimewiva?"

"Wakanisubiri."

Akaguna. Kwa bibi yako, unajua, kumwacha mtu na chakula alichokupikia ni jambo zito kuliko wizi wa ng'ombe. Aliokota vijiwe vitatu vinne vingine, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Akasema, "Ile alfajiri yako wewe, mimi sikuogopa macho ya watu. Nilijua wakija kukuaga nitalia mbele yao, na nikilia hutakwenda. Nikaona bora upite nyuma ya zizi." Halafu akaniangalia kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyemlazimisha kusema. "Nilikaa mlangoni mpaka jua limetoka. Ng'ombe siku hiyo walikamuliwa saa nne."

Nilimsogelea, Zai. Mimi nilikuwa nimekaa na ile picha ya mlango bila taa miaka ishirini na zaidi, nikidhani mama yangu alikuwa mkavu. Nilimshika mkono, akaniachia kidogo, kisha akauchukua kwa sababu mtama ulikuwa unamwagika.

"Mwambie Rehema," akasema. "Na yule mwalimu wa Zai wa msingi, yule mwembamba, mwambie. Na shangazi yake. Ila wale wa nyumba ya bati jekundu usiwaambie."

"Kwa nini mama?"

"Usiwaambie tu."

Kwa hiyo wale wa bati jekundu sikuwaambia. Siwezi kubadilisha dunia yote siku moja.

Nikaenda kwa Rehema. Alikuwa pale barazani kwenye duka la mbegu, ameinamia cherehani, amezungukwa na sare za bluu. Akasimama kunipa kiti. Nikamwambia nitasimama. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikudanganya. Zai anaondoka kesho alfajiri. Yeye hakutaka kukuficha. Mimi ndiye niliyekuficha, na nimekuja kukuomba radhi."

Nilitegemea alie, au anigombeze kwa adabu. Hakufanya lolote. Alinitazama kwanza, kisha akageuka akalitazama gauni lako kwenye msumari.

"Kesho hii?"

"Kesho hii. Basi saa kumi na moja na nusu."

"Baba Zai," akasema, "naomba uondoke, unanizibia mwanga."

Akazikusanya zile sare zote kwa mkono mmoja akazitupa chini ya meza, akalishusha gauni, akaketi. Nilipofika kona nilisikia cherehani imeanza. Kwa mwalimu wako nilifika, naye akasema atakuja. Shangazi yako akauliza kama alete uji au chai, nikamwambia alete vyote.

Mtakaporudi jioni nitakupa barua hii kabla hujaanza kufunga begi, uisome ukiwa peke yako. Sitaki kesho ushtuke ukisikia miguu ya watu uani gizani. Hao ni watu wako, nimewaita mimi.

Na huko uendako, miezi kumi ya Kituruki itapita. Mwanzoni utahesabu siku, halafu siku moja utaota kwa Kituruki, na hutajua ndoto ilianza lini kuwa yako. Utapata mtu wa kukukatia sabuni yake. Sijui ataitwa nani wala ametoka wapi, labda ni binti wa nchi ambayo mimi hata kwenye ramani siwezi kuionyesha. Mtakula pamoja, mtachekana matamshi, halafu cheti kitakuja, na mtu atakuuliza siku gani unaondoka. Mwambie siku yenyewe, na saa. Wakiweka kiti, kikalie, usikilize mpaka mwisho. Utalia, mwanangu, utalia vibaya, pua itavimba kama ya bibi yako. Kubali. Mimi sikulia siku ile, na machozi yale hayakwenda popote, yako hapa hapa, nimeyabeba mpaka leo nikayapeleka kwenye mkeka wa mama yangu.

Na kama siku moja njia itakufikisha kule kwenye vilima, ukaona kibibi kimejitanda shuka jeupe kinachemsha ukoko, mwambie wewe ni mtoto wa yule aliyeacha kikombe. Ni kitu kisichowezekana, najua. Nakiota tu.

Nimetoka nje sasa kuangalia kama mnakuja. Upepo unatokea upande wa sokoni, na nikisimama kwenye tangi la maji nasikia cherehani ya Rehema. Inakwenda, inasimama, inakwenda. Nadhani yuko kwenye mkono wa kwanza. Gauni likifika kesho lina mkono mmoja, livae hivyohivyo uingie kwenye basi.

Basi linapita saa kumi na moja na nusu. Watu wote nimewaambia waje saa kumi na moja, wakuone vizuri.

Mimi baba yako